Gundel Brosch na Bendera ya Rosalie

Ukitaka kumjua Gundel Brosch, usimwangalie siku za kazi. Siku za kazi alikuwa mama wa kawaida tu wa Hollerbeck, mfupi, mnene kidogo, nywele kazikata mwenyewe mbele ya kioo cha bafuni, anapinda mapazia katika duka la nyuma ya stesheni na kumjibu kila mteja neno moja moja. Wateja walisema ana kiburi. Kiburi gani, jamani? Alikuwa mtu asiye na la kusema siku ambayo hakuna mpira, basi. Mwangalie Jumamosi. Jumamosi Gundel aliamka kungali giza, akabandika supu ya dengu, akatia soseji, akafuta meza iliyokwisha kufutwa, halafu akakaa dirishani kusubiri gari la mwanawe.

Mwanawe ni Holger, fundi wa mapaa, mwanaume wa makamo mwenye ndevu na mabega ya kubeba vigae. Alikaa mtaa wa pili tu, mwendo wa kuvuta sigara moja. Lakini alikuja siku ya mechi, na siku ya mechi peke yake. Phönix Hollerbeck ikicheza, iwe nyumbani au ugenini, Holger atakuja, atakula sahani mbili, atasema, "Nzuri, Mama," na wataondoka pamoja. Phönix isipocheza, haji. Krismasi alimtumia ujumbe wa simu wenye picha ya mti. Mwezi wa Juni, ligi zikiwa mapumzikoni, Gundel alikuwa anamaliza wiki baada ya wiki bila kusikia sauti yake.

"Juni mimi nakufa kidogo," alituambia siku moja dukani, akacheka. Sisi hatukucheka.

Msidhani Holger alikuwa mtoto mbaya. Nyumba yao ndivyo ilivyokuwa. Manni, marehemu mumewe Gundel, alichimba makaa katika mgodi wa Rosalie, baba yake alichimba huko huko, na wanaume wale walipanda juu jioni wamechoka hata kusema nipe chumvi. Kukumbatiana hakukuwapo. Kubusiana ndiyo usiseme. Mgodi ulipofungwa, kifua cha Manni nacho kikafunga, na siku ya mazishi mama na mwana walisimama bega kwa bega mbele ya kaburi, kila mmoja hajui mikono yake aiweke wapi. Wiki ikapita, mwezi ukapita, Holger kimya. Halafu jioni moja akagonga mlango, hakuketi hata, akauliza, "Mama, bado unaweza kushona kitu kikubwa?"

Yeye na wenzake walitaka kuanzisha kundi la mashabiki, liitwe Rosalie, na kundi lisilo na bendera si kundi. Basi Gundel akashona. Kitambaa cheusi kizito cha pamba, kirefu kuliko sebule yake, na herufi nyeupe kazikata kutoka kwenye makoti meupe ya mgodini. Wajane wa mtaa mzima walimletea yale makoti, wengine wakiwa hawajayafua tangu mwenyewe alipoyavua. Alishona majira yote ya baridi. Na kila Jumamosi Holger alikuja kuona kazi imefika wapi, akala, akasema nzuri. Hivyo ndivyo Gundel alivyompata mwanawe tena, na tangu hapo hakuwa na njia nyingine ya kumpata.

Sasa lazima niwaambie jambo moja, maana watu wa nje ya majukwaa yetu hulicheka. Kundi lina bendera moja. Hiyo inatundikwa kwenye uzio kila mechi, mvua au theluji. Ikiibwa na mashabiki wa upande wa pili, wakaitundika kwao juu chini, chini juu, kundi limekufa. Limekufa siku ile ile. Hakuna mkutano, hakuna kura, hakuna kushona nyingine. Hakuna aliyeandika sheria hii na hakuna anayeivunja. Ujinga? Sawa, ujinga. Lakini mimi nimeona wanaume wazima wakilia kando ya barabara kuu kwa sababu begi la bendera limesahaulika mgahawani, na hakuna aliyewacheka.

Kwa hiyo bendera ya Rosalie ililala kwa Gundel, chini ya shuka za ziada, na safarini ilikaa ndani ya kikapu chake cha magurudumu, juu yake vitunguu na mkate. Nani atamwibia mama mwenye kikapu cha vitunguu? Wenye misuli walikwenda mbele wakipiga ngoma, wakatazamwa na polisi. Gundel akaja nyuma taratibu kama anatoka sokoni. Vijana walimwita Mama Gundel na kumpisha kwenye ngazi. Alifika kila mahali. Hakuteleza hata mara moja.

Halafu ukaja ule mwaka wa balaa. Phönix yetu, timu ya daraja la tatu, timu ambayo kipa wake alikuwa anafungwa mpaka na upepo, ikaanza kuwatoa wakubwa kwenye kombe la taifa. Ikamtoa mmoja, tukasema bahati. Ikamtoa wa pili kwa penalti, tukasema refa. Ilipofika nusu fainali na kushinda ugenini, mji mzima uliingiwa na wazimu. Mwokaji alioka mikate myeusi na myeupe, na mchungaji alisogeza kipaimara. Fainali Berlin! Na wapinzani nani? Marlach. Matajiri wa kusini, jezi nyekundu, makombe yamejaa kabatini mpaka hawana pa kuyaweka. Tena mashabiki wao walijulikana nchi nzima kwa kitu kimoja, kuchukua bendera za watu.

Shida ni kwamba kwenye nusu fainali vijana wetu waliwasha mafataki, moshi ukafunika uwanja, mchezo ukasimama. Adhabu ikatoka, bendera ya Rosalie isiingie Berlin. Usiku huo huo wakakusanyika kwenye kibanda cha bustani cha Ansgar, mpiga ngoma, jitu moja lenye tumbo na mdomo usiofungwa.

"Mabegi makubwa hayaingii," Holger alisema. "Wanapekua mpaka soksi. Itaingiaje?"

"Tumvishe Mama Gundel," Ansgar akasema. "Tumzungushie kama soseji kwenye mkate, tumfunike koti. Nani atamkagua bibi yule?"

Wakaangua kicheko. Gundel, aliyekuwa amekaa pembeni na chai yake, hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Nipimeni," akasema.

"Mama, acha. Kitambaa kile kizito, na Mei kutakuwa na joto."

"Wewe nimekuzaa Agosti, Holger. Joto nalijua."

Basi likapita hilo.

Siku ya fainali treni ya mashabiki iliondoka alfajiri. Mabehewa yote nyimbo, bia, saladi ya viazi kwenye ndoo, chapati za nyama za mama za watu. Gundel alikaa dirishani na kikapu kati ya magoti, hakula wala hakunywa. Akishafungwa kitambaa kile, chooni haendi tena mpaka mechi iishe, na yeye alishakata shauri kwamba hataitia mkosi bendera ya watu kwa mkojo. Ansgar alimletea bia, akakataa. Akamletea maji, akakataa.

"Mama Gundel, utakauka ukawa samaki wa chumvi!"

"Nenda kapige ngoma yako huko."

Berlin jua lilikuwa kali ajabu. Watu walivua mashati, polisi walikunywa maji barabarani. Holger alimpeleka mama yake kwenye choo cha mkahawa mmoja karibu na stesheni, akafunga mlango kwa komeo, na pale, katikati ya sinki na ndoo ya taka, akaanza kumfunga. Ili kitambaa kizunguke ilibidi apitishe mikono nyuma ya mgongo wake, akamate upande wa pili, avute, arudie. Kila mzunguko mikono ya Holger ilimzunguka mama yake na ndevu zake zikamgusa sikio. Mtu anayewaona angedhani wanakumbatiana, tena kwa kurudia rudia, kama watu waliopoteana miaka mingi.

"Inabana?" Holger akauliza.

"Kaza. Isishuke."

"Mama, unapumua?"

"Kaza, nimesema."

Gundel alifumba macho. Alitamani kitambaa kiwe kirefu zaidi. Nawaambia kwa sababu baadaye alinisimulia mwenyewe, na hakuona aibu kusema. Halafu Holger akamvalisha koti la mvua la Manni, akalifunga vifungo mpaka kooni, akasema, "Usikae karibu na sisi. Ingia mlango wa mbali. Tutaonana ndani," akatoka.

Foleni ya mlango wa mbali haikusogea. Mashine ya kusoma tiketi ilikuwa imeharibika, walinzi wanapiga simu, watu wanazidi kujaa nyuma. Gundel alisimama juani na koti la mvua, huku watu wote wamebaki na fulana. Hakuwa na skafu, hakuwa na rangi yoyote, hakuna aliyejua ni wa wapi. Mwanamke mmoja alimwambia, "Mama, vua koti, utaiva." Akasema hapana, ana mafua. Jasho lilimtiririka mpaka viatuni. Ulimi ukawa mzito. Akajikaza. Kichwani alikuwa anahesabu vichwa vilivyo mbele yake, na kila alipovimaliza vilikuwa vimeongezeka. Halafu mbingu ikaja chini, na hakujua tena.

Kilichofuata alikijua vipande vipande. Mikono ya watu inamshika. Koti linafunguliwa, mtu anasema, "Mungu wangu, amefungwa nini huyu?" Kitambaa kinazungushwa, kinavutwa, kinazungushwa, na hewa inaingia kifuani, jamani hewa, tamu! Macho hayafunguki. Sauti ya mwanaume inasema, "Huyo ni mama yangu, nipisheni, ni mama yangu." Halafu ndevu karibu na uso wake, na busu kipajini, taratibu kabisa. Gundel alitaka kusema jina la mwanawe, mdomo ukagoma. Akalala nalo moyoni.

Alipozinduka alikuwa kitandani ndani ya hema la huduma ya kwanza, sindano ya maji mkononi, muuguzi mmoja wa kike anampepea kwa kipande cha boksi.

"Umetutisha, mama. Mtu mzima unajifunga hivyo na joto hili!"

"Kitambaa kiko wapi?"

"Amechukua mwanao. Amesema anakwenda kukitundika, usiwe na wasiwasi, pumzika."

"Holger alikuja?"

"Hakutaja jina. Mrefu, ana ndevu. Kijana mzuri. Amekubusu, akaondoka mbio."

Gundel alilaza kichwa akatabasamu. Yule muuguzi baadaye alisema hajawahi kuona mgonjwa mwenye furaha namna ile. Maji yaliingia mkononi tone kwa tone na yeye alikuwa anaangalia dari la hema kama linaonyesha senema. Holger alikuja. Mbele ya watu Holger alisema huyu ni mama yangu. Holger alimbusu. Bendera imeshaingia, kazi imekwisha, na tangu aolewe Gundel hakumbuki kama aliwahi kuwa na nusu saa nzuri kuliko ile.

Muuguzi mwenyewe akamsindikiza mpaka ndani. Mechi ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Jukwaa letu lote jeusi na jeupe, linatikisika, na Holger amesimama mbele kabisa juu ya uzio, kipaza sauti mkononi. Alipomwona mama yake aliruka chini, akapenya katikati ya watu, akamwinamia.

"Mama! Umechelewa, nilikuwa nakufa huku. Umeitoa? Iko wapi?"

Gundel alimtazama. Alitazama uzio nyuma yake. Uzio ulikuwa mtupu.

Katika muda ule mfupi alielewa kila kitu, yule mtu, zile ndevu, lile busu. Na alielewa la pili. Hakuna bendera, hakuna Rosalie. Hakuna Rosalie, hakuna Jumamosi. Na hapo, badala ya kusema ukweli, mdomo wake ukasema, "Nimeificha. Chooni, kule chini. Walinzi wamejaa. Mapumziko nitaileta."

Laiti angesema! Milango ilikuwa haijafungwa, wenzetu mamia walikuwa bado nje wanahangaika na tiketi, na yule mwizi alikuwa na mzigo mzito wa kuzunguka nao nusu ya uwanja. Wangemkamata. Lakini Gundel alikuwa ameshasema, na Holger akampiga bega kidogo kwa furaha.

"Wewe ndiye mtu pekee ninayemwamini humu," akasema, akarudi juu ya uzio.

Huo ndio msumari uliompigilia. Akashuka ngazi kama mtu anayekwenda chooni, na alipofika chini akaanza kukimbia. Gundel, na magoti yake yale! Alikimbia mpaka kwenye hema. Muuguzi akashika mdomo. Sasa alikumbuka, yule kijana alikuwa na kitu chekundu kinachungulia mfukoni, yeye alidhani leso. Alikimbia kando ya ukuta wa mawe kuelekea upande wa Marlach, akakutana na uzio wa chuma na mlinzi mkubwa anakula mbegu za alizeti.

"Nipishe, baba. Mwanangu yuko huko."

"Tiketi." Akaiangalia. "Mama, wewe ni wa upande ule. Hapa hupiti."

"Amechukua kitu changu. Nakuomba. Nitaingia na kutoka."

"Kitu gani?"

Angesema nini? Bendera iliyokatazwa kuingia? Alishika chuma kwa mikono miwili. "Kitambaa," akasema. "Cha marehemu mume wangu." Na hapo akalia, kilio cha sauti, mbele ya mtu mgeni.

Mlinzi aliacha kutafuna. Alikuwa mtu mwema, aliona haya. "Mama, hata nikikupitisha, wako maelfu wale. Utamtafuta nani?"

Nyuma yao uwanja ulinguruma. Marlach wamefunga. Gundel hakugeuka hata.

Akarudi. Njiani alisimama mara ngapi, sijui. Kila aliposimama alijiambia, nenda sasa, mwambie, bado iko nafasi. Na kila alipojiambia aliona meza yake, sahani moja. Kipenga cha mapumziko kilipolia alikuwa amejifungia ndani ya choo, amekaa, viganja masikioni, anasikia Ansgar anapita nje akiita, "Mama Gundel! Mama Gundel, tupe mzigo bwana!" Alibana pumzi. Mwanamke wa umri wake, amejificha chooni kama mtoto aliyevunja sahani. Hakutoka mpaka watu walipoanza kurudi vitini, na alitoka kwa sababu moja tu, aliona bora kuwa karibu na mwanawe.

Kipindi cha pili kimeanza. Holger alimwona, akainua mikono kumuuliza, vipi? Gundel akatikisa kichwa. Holger akaanza kushuka, uso umebadilika, na hapo hapo mpira ukapigwa kutoka kona, beki wetu yule mrefu akaruka juu ya wote, kichwa, goli! Mungu wangu, goli! Jukwaa lilimwagika. Watu walianguka ngazi tatu tatu, bia ikanyesha, mzee mmoja asiyejulikana alimkumbatia Gundel akamwinua kutoka chini. Sare! Hollerbeck na Marlach sare, Berlin, kwenye fainali!

Na katikati ya ile furaha, watu wa mbele wakaanza kunyamaza. Kisha wa nyuma yao. Ukimya ulipanda jukwaa letu safu kwa safu mpaka ukafika juu kabisa. Upande wa pili wa uwanja, mbele ya ule wekundu wote, kitambaa cheusi kilikuwa kinafunguliwa kwenye uzio. Herufi nyeupe. Juu chini.

Nilikuwepo, na sitaki kuyarudia yote. Marlach walicheka, elfu kwa elfu, kicheko kikavuka majani kikatufika. Ansgar, mtu asiyenyamaza hata kanisani, aliweka ngoma sakafuni akaikalia, mgongo kwa uwanja. Holger alisimama kwenye uzio muda mrefu anatazama kule. Halafu akainua kipaza sauti, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Rosalie imekwisha. Asanteni wote. Twendeni."

Na walikwenda. Wachezaji wetu uwanjani waligeuka kushangaa, maana sehemu ya katikati ya jukwaa ilikuwa inatoka nje, sare moja moja, fainali, mchezo ungali wa moto. Walishuka ngazi kimya, wengine wanavua skafu na kuzikunja vizuri kama nguo za marehemu. Hakuna aliyemtukana Gundel. Hakuna aliyemwangalia. Angefurahi wangemtukana.

Alimkuta Holger nje, karibu na miti, anajaribu kuwasha sigara na kiberiti hakiwaki. Wenzake walipomwona mama mtu anakuja walisogea mbali.

"Holger."

"Ulikuwa na saa nzima, Mama." Hakupandisha sauti. "Saa nzima. Tungemkamata pale pale nje."

"Najua."

"Ulinitazama machoni ukaniambia imefichwa."

"Najua, mwanangu. Niliogopa."

"Uliogopa nini? Tungekupiga?"

"Niliogopa hutakuja tena Jumamosi."

Holger aliitazama sigara yake. "Kuja kufanya nini?" akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyeulizwa kama duka litafunguliwa Jumapili.

"Kula tu. Hata bila mpira. Uje ule, uondoke."

Kutoka ndani ya uwanja ulikuja mlio ambao ardhi iliusikia, na upande uliotoka ulikuwa upande wetu. Phönix Hollerbeck wamefunga la pili, la ushindi. Kombe la kwanza katika maisha ya mtu yeyote anayetembea Hollerbeck, na watu wa Rosalie walilisikia kupitia ukuta. Wengine walikaa chini kwenye majani wakaficha nyuso. Holger aligeuza kichwa kidogo kuelekea uwanjani, akakirudisha.

"Niambie jambo moja tu," akasema. "Ulimpaje mtu usiyemjua?"

"Sikumpa. Nilizimia kwenye foleni. Nilikuwa chini. Alikuja akawaambia mimi ni mama yake."

"Na hukusema kitu?"

"Macho hayakufunguka. Nilisikia ndevu." Gundel alijigusa kipaji. "Alinibusu hapa, Holger. Taratibu. Nikajua ni wewe."

Sigara ilimwanguka Holger na hakuiokota. Alimtazama mama yake, koti la mvua limefunguka, plasta ya sindano mkononi, na hasira yote ikamtoka usoni, pakabaki mshangao.

"Lakini Mama," akasema, "ungejua tu si mimi. Mimi nimekubusu lini?"

Hakuwa anamkejeli. Alikuwa anauliza. Na Gundel alisimama pale chini ya miti, kelele za kombe zinampita masikioni, anajaribu kukumbuka.